Nyasi Mdomoni mwa Bingwa

Katika bucha moja ya Kitengela, juu ya gogo ambalo mchomaji hukatia nyama, kuna picha ya farasi. Imekuzwa na kutiwa fremu ya mbao, na moshi wa miaka mingi umeipaka rangi ya chai. Farasi amesimama na shada la maua shingoni, jasho likimng'aa mabegani. Upande wake mmoja anacheka mwanamume mwenye suti. Upande wa pili mzee aliyejifunga shuka nyekundu amenyosha mkono hadi mdomoni mwa mnyama. Wateja wageni huelezwa kwamba huyo ni mzee wa Kimaasai akimlisha nyasi bingwa wa mbio za viunzi, siku alipovunja rekodi, na kwamba ni siku hiyo Kitengela ilipoanza kujulikana na watu ambao kabla ya hapo waliipita tu wakielekea Namanga.

Mzee huyo ni baba yangu. Hakuwa akimlisha farasi. Alikuwa akimtoa nyasi mdomoni.

Naandika kwa sababu nimechoka kusikia jambo hili likisimuliwa kombo na watu wanaotafuna. Nilikuwepo. Nitatenganisha nilichokiona na nilichoambiwa, kama nilivyofundishwa na kama ninavyowafundisha wengine hadi leo. Lakini sitajifanya sina upande. Namchukia farasi yule. Najua kwamba mnyama hana hatia, nimejiambia hivyo mara nyingi kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha, na haijanisaidia kitu.

Boma letu lilikuwa kusini mwa mji, upande wa kulia ukifuata lami kwenda Isinya, wakati ambapo mtu aliyesimama mlangoni pa nyumba hakuzuiwa na kitu chochote hadi macho yafike milima ya Ngong. Ranchi ya jamii ilikuwa imekwisha kugawanywa. Kila familia ilikuwa na hatimiliki yake ndani ya sanduku la bati, na wengi hawakujua wafanye nini na karatasi ile zaidi ya kuificha mchwa. Mzee mmoja wa rika la baba aliuza sehemu yake mwanzoni mwa miaka ya tisini. Aliyenunua alikuwa mfanyabiashara wa mbao kutoka upande wa Kati, mtu mnene, mcheshi, mwenye kupenda kusalimia. Alituambia siku ya kwanza kwamba utotoni alikuwa saisi, akisugua mabanda ya farasi wa mlowezi ambaye hakumruhusu hata mara moja kumpanda mmoja wao, na kwamba aliapa kuja kuwa na farasi wake mwenyewe. Mama yangu alilengwalengwa na machozi. Alimpelekea kibuyu cha maziwa.

Kipande alichonunua kilipitiwa na njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Hakuna aliyemficha. Njia ilionekana wazi kama mshono kwenye nguo.

Ni lazima nieleze udongo, maana ugomvi wote ulitoka humo. Tambarare zile ni za udongo mweusi wa pamba. Mvua ikinyesha, unanasa kiatu. Jua likiwaka, unapasuka nyufa ambazo mguu wa mnyama huingia hadi gotini. Farasi wa mbio hawezi kukimbizwa juu yake bila kuvunjika. Lakini njia ya ng'ombe ilifuata ukanda mwembamba wa udongo mwekundu, imara bila kuwa mgumu, na ng'ombe wa vizazi na vizazi, kwa kupita asubuhi na jioni, walikuwa wameulainisha kwa kwato na kuurutubisha kwa samadi. Katika eneo lote lile hapakuwa na ardhi nyingine ya kumfundishia farasi kuruka. Ng'ombe wetu walikuwa wamemtengenezea uwanja kabla hajazaliwa.

Mwanzoni jirani alipanga viunzi vyake vya matawi kando ya njia. Baada ya mvua kubwa za El Niño, nyasi zilipoota hadi kiunoni, alivihamishia katikati. Mwaka uliofuata aliweka seng'enge, halafu geti, halafu kufuli.

Wakati huo farasi alikuwa ameshinda mara mbili mbio kongwe za viunzi za Nairobi, zile ambazo Wazungu walizianzisha enzi zao na ambazo vikombe vyake vimeandikwa majina ya watu waliokufa. Habari hizo zilipofika kwenye duka la karibu nasi, wanaume hawakuzipokea kwa heshima iliyotarajiwa.

"Kuruka viunzi na maji?" mmoja aliuliza. "Hiyo si ni mbio yetu? Watu wetu wanakimbia na miguu mbili, na hakuna mtu anawafungia njia ya ng'ombe ndio wafanye mazoezi."

Mama naye, alipoambiwa kwamba farasi yule alikuwa amehasiwa, alilipima kwanza jambo hilo. "Dume likihasiwa kwetu," alisema, "linangoja kuchinjwa. Huyu anapewa kikombe." Tangu siku hiyo hakumwita farasi tena. Alimwita punda mrefu.

Kisha ukaja ukame wa mwaka 2000, na utani ukaisha. Bwawa letu lilikauka likawa sahani ya matope yaliyokunjamana. Maji yaliyobaki yalikuwa madimbwi ya mtoni, na kwa njia ya zamani ng'ombe dhaifu aliweza kuyafikia na kurudi. Bila njia hiyo ilibidi kuwatoa ng'ombe hadi lami, kuwapeleka kando ya barabara katikati ya malori hadi darajani, na kuwateremsha huko. Ng'ombe mwenye nguvu alifika. Wengine walitumia kwenda na kurudi nguvu zaidi ya zile walizopewa na maji. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya upili mjini Kajiado, na kila niliporudi nyumbani niliwakuta wamebaki pembe na macho. Baba hakuwa na mali nyingine. Hakutaka ardhi irudishwe, wala uzio ung'olewe. Alitaka geti lifunguliwe kabla kundi halijaisha.

Aliamua kwenda na nyasi.

Kwa asiyejua: kwetu nyasi ndizo uhai wa mifugo, na anayezishika mkononi mbele ya mwenzake anaomba amani. Nilipokuwa mtoto, nikikimbizwa kwa fimbo kwa kosa lolote, niling'oa nyasi nikazinyosha, na fimbo ilishuka. Haikuwa huruma ya mchapaji. Hakuwa na ruhusa ya kuendelea. Nimesoma mikataba mingi ya mataifa tangu wakati huo, na sijaona uliofupishwa vizuri zaidi.

Mwaka ule nyasi mbichi zilikuwa adimu kuliko sukari. Baba alizitafuta tangu alfajiri, akazipata chini ya jiwe penye unyevu karibu na kisima kilichokufa, konzi moja tu, tena changa. Aliniomba niandamane naye kwa kuwa jirani alipenda kuzungumza na watu waliosoma.

Tulimkuta nje ya banda, akimtazama farasi akisuguliwa na saisi wake. Nitasema haki: mnyama alikuwa mzuri. Alikuwa wa kahawia iliyoiva, shingo kama upinde, na mguu mmoja wa nyuma mweupe kana kwamba ameukanyagisha kwenye maziwa. Alinukia majani makavu na sabuni. Pembeni palikuwa na tangi la maji lililojaa hadi kufurika kidogo, na tone lililoanguka lilikuwa limeotesha kijani kipana kama mkeka.

"Sopa, jirani," baba alisema.

"Epa, mzee! Karibu, karibu. Na mwalimu pia yuko! Shule zimefungwa?"

Baba aliinua mkono wa kulia wenye nyasi. "Nimekuja kwa sababu ya ng'ombe," alisema. "Sitaki kubishana. Fungua asubuhi, ufungue jioni. Watapita haraka. Hata huyu wako hatajua kama kuna kitu imepita."

Jirani aliutazama ule mkono, kisha uso ukamchanua. "Ai, mzee! Umeletea bingwa zawadi! Na vile nyasi imekuwa ngumu kupata." Akazichukua. Akageuka. Farasi akanyosha midomo, akazila mikononi mwake, taratibu, kwa adabu hata. "Ona vile anakula! Asante, mzee. Alikuwa na njaa ya kitu kibichi."

"Hizo si za farasi," nilisema.

"Basi ni za nani, mwalimu?"

Baba alinigusa kiwiko. Nilielewa: amani ikishaanza kuelezwa, imekuwa kuomba msaada. Akabaki amesimama na mkono mtupu uliokuwa bado juu kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka kuokota.

"Nisikize, mzee," jirani aliendelea, akimpapasa farasi paji la uso. "Mimi niko na heshima na wewe. Lakini ng'ombe wakipita hapo, watachimba. Hii farasi ikikanyaga shimo, imekwisha, na mimi nimekwisha. Hiyo mbio hakuna farasi imewahi kushinda mara tatu. Hakuna. Huyu akishinda ya tatu, anastaafu, anakuja hapa kukula na kulala kama mimi. Siku hiyo hiyo natoa kufuli. Akishindwa, sitakudanganya, itabidi tujaribu mwaka ujao."

"Umesema," baba alisema.

"Nimesema."

Tulirudi bila haraka. Tulipofika mahali ambapo seng'enge ilikata njia, baba alisimama. "Nyasi zimeliwa," alisema. "Kwa hivyo niko na amani na farasi. Na mwenyewe, bado sijui."

Mama hakuwa na subira ya kutofautisha hivyo. "Yaani ulienda kuomba maji," alimwambia, "ukarudi umelisha punda mrefu."

Ndivyo tulivyofungwa. Watu waliomchukia farasi yule kuliko simba walilazimika kumtakia ushindi. Majuma yaliyofuata hayakuwa na kitu cha kusimulia zaidi ya lami. Malori yalipiga honi, ng'ombe walitawanyika, baba akiwakusanya kwa mluzi uliokuwa ukipungua sauti. Ng'ombe mmoja mweupe mwenye masikio meusi, wa ukoo ambao mama alikuja nao alipoolewa, alikaa chini ukingoni mwa barabara na hakuinuka tena. Mama alimfunika kwa shuka yake ili jua lisimpige, akaketi karibu naye. Nilikuwa pale. Pikapu ya jirani ilipita, nyuma imepakiwa marobota ya majani makavu ya farasi hadi juu ya kichwa cha dereva. Ilipunguza mwendo. Yeye alitoa kichwa dirishani.

"Pole sana, mama!"

Mama aliinua mkono, na haukuwa wa salamu. Ng'ombe alikufa kabla ya jioni.

Jumapili iliyofuata wanawake wenzake kanisani walimwuliza anaombea nini, maana alikuwa amepiga magoti muda mrefu kupita desturi yake. "Naombea adui yangu ashinde," alijibu. "Na msidhani ni kwa upendo."

Siku ya mbio jirani alikodi lori dogo la kutubeba hadi Nairobi. Alituma ujumbe kwa mdomo wa saisi: tunakaribishwa sote kumshangilia bingwa wetu, na tafadhali wazee wavae shuka zile nyekundu, zinatoka vizuri kwenye picha. Mama alikataa kwenda. Alisema kundi haliwezi kuachwa ili mtu akatazame mnyama akikimbizwa na asiyekuwa na njaa. Baba alikubali. Alitaka ahadi itakapotimizwa awe mahali pa kuisikia, mbele za watu.

Aliposhuka kutoka lorini hakutazama majukwaa wala kofia za wanawake. Alitazama chini. Uwanja wote ulikuwa kijani, kijani kisicho na aibu, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Hapa mvua ilinyesha lini?"

"Haikunyesha, Baba. Wanamwagilia."

Alifikiri. "Maji ya nani?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Nimesoma maelezo ya mbio ile katika magazeti, na yote yana makosa madogo, kwa hiyo nitaandika nilichokiona kutoka nilipokuwa, karibu na kiunzi cha mwisho. Farasi wetu, kama tulivyotakiwa kumwita, alianza vibaya. Kwenye kiunzi cha maji alitua na mguu wa nyuma ndani, akayumba, na joki aliyempanda akaning'inia shingoni mwake kwa kitambo kirefu mno. Watu wa jukwaani waliguna. Nilimwona baba akifumba macho. Walipozunguka mara ya pili alikuwa nyuma ya farasi wawili, na mmoja wao, mweusi, alionekana ana nguvu za kutosha kwenda na kurudi. Kisha, kwenye viunzi vya upande wa mbali, kitu kilitokea ambacho sitakinyima haki yake. Farasi yule aliacha kuruka kama anayevuka kizuizi. Aliinuka mapema sana, mbali na matawi, mahali ambapo mwingine yeyote angeanguka juu yake, akatua akiwa tayari anakimbia, na kila kiunzi kilimpa hatua ambayo wenzake waliipoteza. Kwenye cha mwisho alikuwa ubavuni mwa mweusi. Walinyanyuka pamoja. Aliyetua kwanza alikuwa wetu.

Nilipiga kelele. Kila mtu kutoka Kitengela alipiga kelele, wazee walirukaruka na shuka zao, na wapiga picha walitugeukia wakifurahia mapenzi yetu kwa mnyama. Sisi tulikuwa tunashangilia kufuli.

Sauti ya kipaza ikatangaza kwamba ni ushindi wa tatu, jambo ambalo halijawahi kutokea, na tena kwamba muda wake umevunja rekodi ya mbio hizo iliyodumu tangu enzi za ukoloni. Kofia zilirushwa. Baba aliniuliza kumesemwaje, nikamweleza. "Basi kesho asubuhi," alisema. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu bwawa likauke.

Tulisukumana hadi mahali farasi mshindi huonyeshwa. Jirani alikuwa analia waziwazi, suti imemkaba, akikumbatia kila aliyemkaribia. Mtangazaji wa redio alimwekea kipaza mdomoni na kumwuliza, kwa Kiswahili, ili wote tusikie, kama kweli bingwa sasa anastaafu.

"Kustaafu?" Alicheka. "Umemwona vile ameruka leo? Farasi kama huyu hastaafu, ndugu yangu. Mwaka ujao tunatafuta ya nne!"

Watu walipiga makofi. Nilimtazama baba. Sikuwa na haja ya kumfasiria.

Ndipo jirani alipomwona. "Mzee! Mzee wangu! Njoo, njoo hapa kwa picha!" Akainama, akang'oa konzi ya nyasi za uwanja, nene, zilizolowa, akamsogezea farasi. Mnyama alikuwa bado anahema, mdomo umejaa povu na chuma, lakini alizipokea na kuziuma. "Kama siku ile, mzee! Mlishe bingwa wetu!"

Baba alisogea mbele. Hakumtazama mtu. Alinyosha mkono, akazikamata nyasi zilizotokeza mdomoni mwa farasi, akazivuta. Farasi alizing'ang'ania kidogo. Baba akavuta tena, zikatoka, na taa za kamera zikawaka.

"Mzee anamtania bingwa!" jirani alipaza sauti, na watu wakacheka.

Baba alizifunga nyasi zile kwenye ncha ya shuka yake. Nilizaliwa na kulelewa katika desturi hiyo, na tangu hapo nimewauliza wazee wengi wa Kajiado. Hakuna aliyewahi kuona wala kusikia mtu akizichukua tena nyasi za amani alizokwisha kutoa. Njiani, lori liliposimama kwenye taa, alisema: "Sasa hata na farasi sina amani."

Asubuhi alitoka na koleo. Alikata seng'enge pande zote mbili, mahali pale pale mshono wa zamani ulipopita, akaikunja vizuri na kuiweka kando ili isimchome mnyama. Kisha akapiga mluzi. Ng'ombe waliobaki waliingia kwenye udongo mwekundu bila kuelekezwa. Majirani walipoona vumbi walileta ng'ombe wao. Jua lilipopanda, uwanja wa mazoezi ulikuwa mto wa migongo, viunzi vya matawi vimebebwa kwenye pembe na kukanyagwa, na mama alikuwa katikati yao, akiimba kitu ambacho sitakifasiri kwa sababu kilikuwa na matusi.

Jirani alifika kwa miguu, gazeti mkononi. Nina hakika alikuwa anakuja kwetu kwa furaha, kutuonyesha. Aliliinua kutoka mbali. Halafu akaona.

"Mzee! Nini hii? Hii ni uwanja ya farasi!"

"Jana ulisema mwaka ujao," baba alijibu.

"Hiyo ni maneno ya redio! Mtu akifurahi anasema tu! Ungekuja, tungeongea!"

"Tuliongea."

"Naita polisi. Sasa hivi. Hii ni kuvunja boma la mtu!"

Nilimwomba gazeti. Alinipa, nadhani kwa sababu mikono yake ilitaka kufanya kitu. Picha ilikuwa ukurasa wa michezo, ile ile iliyoko buchani leo. Chini yake palikuwa na maneno, nikayasoma kwa sauti, polepole, ili baba asikose hata moja. Mwenye farasi, gazeti lilisema, alieleza kwamba majirani zake Wamaasai walikuwa wamembariki bingwa huyo kwa nyasi, ambazo katika desturi yao ni ishara ya amani, na kwamba kati yake na wao hakujawahi kuwa na ugomvi wowote.

Nilimrudishia gazeti lake.

"Alijua," baba alisema. Hakumwambia yeye. Aliniambia mimi.

Kama mwalimu, nakiri kwamba maneno yale hayathibitishi alijua lini. Huenda siku ile bandani hakujua, akaja kuelezwa baadaye na saisi wake. Nimeupima uwezekano huo kwa miaka mingi na siuamini. Alikuwa ameishi kati yetu karibu miaka kumi, akinywa maziwa yetu. Na alipoziona zile nyasi, kabla hajatabasamu, aliutazama kwanza ule mkono. Niliona.

"Waite polisi," nilimwambia. "Uwapeleke na gazeti. Uwaonyeshe mzee unayemshtaki."

Aliitazama picha, akamtazama baba, akaitazama picha tena. Hakuwaita. Hakuweza kumfunga mtu ambaye nchi nzima ilikuwa inamwona, asubuhi ile ile, akimlisha farasi wake.

Udongo mwekundu ulichimbwa siku chache tu ukawa haufai tena kwa farasi. Mnyama alihamishiwa mabanda ya Nairobi, na ya nne hakuishinda. Rekodi yake, naambiwa, ilidumu. Baba alipoteza zaidi ya nusu ya kundi mwaka ule, lakini si lote, na wale waliobaki ndio waliotuzalia tena. Leo njia yenyewe imekwisha. Imekatwa viwanja, na mahali baba alipokata waya pana ukuta wa mawe wenye vioo juu.

Lakini kabla ya hayo jirani alikuja mara moja tena, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha na kila mahali pakiwa na chipukizi. Alitaka kuweka seng'enge upya. Alisema angeacha geti pana safari hii, bila kufuli. Alisimama mlangoni pa boma, na mkononi alikuwa ameshika nyasi, nyingi, ndefu, zilizokatwa kwa mundu na kulinganishwa ncha kama shada la arusi. Alizishika juu, kwa usahihi, mkono wa kulia. Alikuwa amejifunza, au alikuwa ameacha kujifanya.

Baba aliketi kwenye kigoda chake, hakuinuka. Nilimwona akizitazama zile nyasi na nikajua kwamba anapata taabu, kwa sababu mtu aliyelelewa kama yeye hawezi kuziacha hivi hivi zikiwa hewani.

Mama alitoka kwenye zizi. Alimwendea jirani, akazipokea kwa mikono miwili, kwa heshima kamili, hata mtu yule akaanza kutabasamu. Kisha akageuka, akaziweka mbele ya ndama wa wiki chache aliyekuwa amefungwa kwenye kigingi.

"Asante, baba," alimwambia jirani. "Alikuwa na njaa ya kitu kibichi."

Jirani alibaki na mkono juu. Tuliuacha ubaki hapo. Baba alimtazama ndama akitafuna hadi jani la mwisho likaisha, akasimama, akachukua fimbo yake.

"Mfungueni," alisema. "Ameshakula. Sasa apelekwe mtoni."